Uvimbe Kwenye Titi la Mwanaume

Bwana apewe sifa, watu wa Mungu! Msicheke nikisema hivi: mimi, baba wa watoto wanne, mkulima wa viazi kule Kuresoi, nilikuwa na uvimbe kwenye titi.

Ndugu zangu, niliuficha miezi minane! Nilivaa sweta hata jua likiwaka. Aibu ilikuwa kubwa, lakini hofu ilizidi. Miaka mingi iliyopita dada yangu Esther alipata uvimbe. Wakati ule walimlaza hospitalini, wakampasua, ili tu wajue ni nini. Alirudi na kidonda kirefu, akakaa wiki nyingi bila kuinua hata ndoo ya maji. Na kumbe haukuwa ugonjwa mbaya! Nikaapa kwamba mimi hawatanichana.

Siku moja tukivuna, gunia likanigonga kifuani. Nilipiga magoti kwa uchungu. Mke wangu akanifungua shati, akaona chuchu imevutwa ndani.

"Baba Cherono, umekaa na hii tangu lini?"

Nikavuta shati nijifunike.

"Kesho tunaenda Nakuru. Ukikataa kutembea, nitakubeba!"

Nilienda nikibishana na Mungu moyoni. Daktari, mama mmoja mpole, alinipima, akasema anahitaji kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara.

"Kisu sitaki," nikamwambia.

"Mzee, siku hizi hatuanzi na kisu. Tunaanza na sindano. Lala hapa."

Akanidunga ganzi. Akawa anautazama uvimbe kwenye skrini huku akiingiza ile sindano yake. Nikasikia ta! kama stepla. Mara nne, kila mara ikitoa kipande chembamba cha nyama. Akabandika plasta.

"Tumemaliza."

Ndugu zangu, nilibaki nimelala pale nikingoja kupasuliwa! Mke wangu akacheka. Mimi nikalia kama mtoto. Miezi minane nilikuwa mfungwa wa kisu ambacho hakikuwepo!

Sitawadanganya: majibu yalikuwa saratani. Lakini safari hii sikukimbia. Daktari alinieleza atatoa nini na kwa nini, nikamwambia, "Toa." Titi likatolewa. Nikamaliza dawa za dripu, zikanitoa nywele zote. Sasa nameza tembe kila siku, na msimu huu nimepanda viazi kwa mikono yangu mwenyewe. Haleluya!

Namshukuru Yesu. Namshukuru mke wangu aliyekataa kunyamaza. Na wewe unayeficha kitu chini ya nguo leo, mama au mzee, nitafute nje baada ya ibada. Tutaomba pamoja. Halafu Jumatatu asubuhi nitakupeleka hospitali mimi mwenyewe.