Odalie, Aliyeihukumu Nyumba Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye garini apunguze mwendo. Leo muziki utasubiri.

Leo tunamkumbuka Odalie Melançon. Odalie Melançon, binti wa miaka ishirini na mmoja, mwenyekiti wa mwaka jana wa Baraza la Nyumba za Kinadada hapa chuoni kwetu. Alifariki Januari hii katika ajali ya gari, mvua ikinyesha, akirudi chuoni kutoka kwao. Narudia kwa ambaye amefungua redio sasa hivi: ni Odalie. Yule mrefu. Yule aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kichekesho, mnabaki mnacheka naye bila kujua mnachekea nini.

Mtangazaji wenu aliwahi kumwomba apewe kazi ya kupiga muziki kwenye sherehe ya baraza. Odalie akamtazama kwa huruma. "Kaka, nimekusikia redioni," akasema. "Ruhusa ya kunyamaza nakupa hata leo."

Basi ndiye huyo.

Odalie alizaliwa kusini mwa Louisiana, kwenye mashamba ya mpunga yanayojazwa maji na kufugwa kamba, wale wadudu wa majini wenye magando. Wazazi wake wapo huko hadi leo. Mama yake, Mama Verna, ametuambia hivi: "Alikuwa mdogo, hanifiki kiunoni, lakini anang'ang'ania kupanda boti kuvuta madema, mitego ya kamba. Siku moja kamba akambana kidole. Hakulia. Alimwinua juu akamwambia, 'Wewe jioni uko sufuriani.' Na jioni, niamini, alikataa kula mpaka amtafute yule yule."

Wasikilizaji wapendwa, yashikeni maneno hayo ya mama. Yatawasaidia kuelewa yaliyobaki.

Alipofika chuoni alijiunga na Eta Omicron, moja ya zile nyumba ambamo wanachuo wa kike huishi pamoja na kuitana dada, ile yenye mlango wa manjano. Huko alipangwa chumba kimoja na Coralie Hébert. Wakawa chanda na pete. Ukimwita mmoja, wanaitika wawili. Mwaka jana Coralie akawa kiongozi wa nyumba yao, na Odalie akachaguliwa mwenyekiti wa baraza linalosimamia nyumba zote tano. Usiku wa matokeo Coralie alimbeba mgongoni kuzunguka uani, huku akipiga kelele, "Pisheni! Serikali inapita!"

Sasa, kuna desturi moja. Agosti kila mwaka lipo juma la kuchaguana. Wasichana wapya wanazungukia nyumba zote, mwishoni wanaandika wanazozitaka, na nyumba nazo zinapiga kura za wasichana zinaowataka. Juma hilo lote mwenyekiti huivua nyumba yake. Havai rangi zake. Halali kwake. Akikutana na dada zake njiani, anawapita kama anavyopita nguzo ya umeme. Wapya hawatakiwi kujua ametoka wapi, ili wamwamini.

Coralie anakumbuka. "Nilimkuta dukani, nikamkonyeza. Akageukia rafu ya sabuni, akashika sabuni moja akaisoma kama barua ya mchumba. Nikapita nyuma yake nikamnong'oneza, 'Shoga, umeishika kichwa chini.' Hakugeuka."

Ndivyo alivyokuwa. Sheria ni sheria, hata mbele ya sabuni.

Na ipo sheria nyingine, kubwa kuliko hiyo. Juma hilo hakuna nyumba inayoruhusiwa kumwahidi msichana chochote. Huruhusiwi kumwambia, "Wewe ni wetu." Hata kwa utani.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Mchana wasichana wangepewa nyumba zao, mtaa mzima ungejaa mbio na vigelegele. Lakini asubuhi lazima waambiwe wale waliokosa. Miaka yote waliambiwa kwa simu. Odalie alikataa. Alisema habari mbaya ina miguu, na miguu hiyo ni yake. Akagonga milango mwenyewe.

Mlango mmoja ulifunguliwa na msichana kutoka kaskazini mwa jimbo. Jina lake hatulitaji, ametuomba. Alikuwa tayari amevaa gauni la kupokelewa.

"Hapana, dada," akasema. "Angalieni tena. Mimi niliandika nyumba moja tu."

"Kwa nini moja tu, mdogo wangu?"

"Si waliniambia! Walinipeleka kula mkate wa kamba, wakaniambia nisijisumbue kwingine, mimi ni wao."

"Kina nani hao?"

"Wa mlango wa manjano." Kisha akafuta macho, akauliza, "Kwani wewe ni wa nyumba gani, dada?"

Odalie hakuruhusiwa kujibu. Yule msichana alimpigia baba yake simu aje kumchukua, na Odalie ndiye aliyelibeba sanduku hadi kwenye gari.

Mchana huo huo, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa zamu yake naye kurudi kwenye nyumba yake. Alivaa fulana ya manjano, akakimbia mtaani kama desturi inavyotaka, na dada zake wakamdaka, wakamrusha juu. Walipomshusha, alimshika Coralie mkono, akampeleka jikoni, akafunga mlango.

"Nani alimwambia yule wa kaskazini ni wetu?"

"Oda! Ndiyo kwanza umefika. Kula hata keki basi."

"Nani?"

"Mimi," Coralie akasema. "Tulimpenda kweli. Kura zilipopigwa, hazikutosha. Ulitaka niwashike watu mikono?"

"Nilitaka usimwahidi."

"Nyumba zote zinaahidi! Sisi tumeonekana wabaya kwa sababu kalilia kwako."

"Ndiyo. Kalilia kwangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna anayejua."

"Mimi najua, Coralie. Kesho nalipeleka barazani."

Huko nje walikuwa wanaimba. Coralie aliweka chini kisu cha keki. "Ukilipeleka, usirudi kulala chumba kile."

"Kitanda changu ni cha dirishani," Odalie akamjibu. "Nitarudi kukilalia."

Akalipeleka. Adhabu iliyoandikwa kwenye sheria ni hii: nyumba iliyoahidi haitoi gari la mapambo kwenye gwaride la chuo la Oktoba, na haipokei msichana mpya hadi mwisho wa Mei. Anayeshtakiwa hapigi kura. Zikabaki nyumba nne. Mbili zikasema ndiyo, mbili zikasema hapana. Zikifungana, anaamua mwenyekiti.

Briony Castille alikuwa makamu wake, na ni wa nyumba ya Psi Tau, wapinzani wa mlango wa pili. Unadhani alishangilia? Thubutu. "Mimi nilisema hapana," ametuambia. "Nilijua wakifungiwa wao leo, kesho ni sisi. Nikamnong'oneza Odalie, 'Bibi, jiepushe, hawa ni wa kwako.' Akanywa maji. Akasema, 'Kama wangekuwa wa kwako ungeniambia nijiepushe?' Akainua mkono."

Aliinua mkono kuunga adhabu. Odalie Melançon aliihukumu nyumba yake mwenyewe. Kisha akafunga kikao, akaenda kulala. Wapi? Dirishani kwake.

Hakuna aliyemsemesha. Chumba kimoja, vitanda viwili. Jumatatu nyumba ile hula maharage mekundu na wali. Odalie aliketi mezani, akaomba chumvi. Chumvi haikuja. Akainuka, akaizunguka meza yote, akaichukua, akarudi, akala hadi sahani ikang'aa. Jumatatu iliyofuata akaomba tena, kwa sauti ile ile, kama vile jana yake walikuwa wamecheka pamoja. Akazunguka tena. Mtangazaji wenu angehama nyumba, na chumvi angeondoka nayo.

Mama Verna alimpigia simu. "Nikamwambia, mwanangu, njoo nyumbani hata siku mbili. Akasema, 'Mama, nikiondoka watadhani najuta.' Nikamuuliza, hujuti? Akasema, 'Naumia. Kujuta ni kitu kingine.'"

Oktoba likaja gwaride. Mwenyekiti wa baraza hupanda gari la mbele kabisa, lile la wazi, karibu na mkuu wa chuo. Kiti kina jina lake. Dada zake wa Eta Omicron, wasio na gari la mapambo, walisimama kando ya barabara kama watazamaji wengine, na mvua ya rasharasha ikawaloanisha.

Gari la mbele likapita. Aliyeketi kwenye kiti cha mwenyekiti ni Briony, akipunga mkono kama mtu aliyeazimwa kofia kubwa.

Coralie akageuka. Odalie alikuwa amesimama nyuma yake, fulana ya manjano imemgandia mwilini.

"Wewe umefuata nini huku?" Coralie akamuuliza. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwake tangu Agosti.

"Adhabu."

"Adhabu ni yetu. Wewe ndiye uliyeitoa."

"Niliitoa kwa nyumba. Mimi ni wa nyumba gani?"

Magari yakapita, moja baada ya jingine, karatasi za rangi zikiwadondokea watu wengine. Mkononi Coralie alikuwa na soseji ya wali, bado ya moto. Akaikata, akampa nusu bila kumtazama. "Kula," akasema. "Unatetemeka kama kuku, utatuaibisha."

Novemba baraza lilikaa kikao chake cha mwisho. Viongozi wa nyumba zote waliulizwa mwaka umewafunza nini. Wapo waliozungumzia sherehe, wapo waliolia. Briony alisema amejifunza kupunga mkono. Odalie alisema maneno machache, na Briony ameyahifadhi: "Tumewatawala marafiki zetu mwaka mzima. Kumtawala adui ni rahisi, unakwenda kulala kwako. Mimi nililala nao. Mwakani msichague anayependwa. Chagueni atakayerudi mezani."

Akaenda likizo kwao. Hakurudi.

Tulimzika kwao, mpunga pande zote. Coralie alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Na sasa sikilizeni lililotokea wiki iliyopita, maana ndilo lililotufanya tuandae kipindi hiki. Baraza jipya lilikutana. Nyumba nne zikaleta hoja moja, kwa huruma ya kweli: kwa heshima ya marehemu, Eta Omicron isamehewe. Adhabu ifutwe, ifungue milango mwezi huu huu. Kila mkono ulikuwa tayari kuinuka.

Coralie akasimama. Ukumbi ukadhani anakuja kushukuru.

"Mimi bado nasema alitubana mno," akasema. "Nilimwambia akiwa hai, sitamdanganya akiwa kaburini. Lakini alitubana, naye akabanwa pamoja nasi. Mkitusamehe kwa jina lake, mtakuwa mmemfanya aliyekosea. Tuliambiwa hadi mwisho wa Mei. Tutamaliza hadi mwisho wa Mei. Na barua ya kumwomba radhi yule binti wa kaskazini imekwenda, sisi wote tumetia sahihi." Akaketi.

Hoja ikaondolewa.

Kwa Mama Verna, kwa Baba Alcide, kwa kaka zake, na kwa dada zake wa nyumba ile: redio hii inawapa pole. Mlitupatia mtu, akatutumikia kama alivyolelewa. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mtangazaji wenu leo hana mzaha wa kuwaaga. Ana swali tu. Kila mmoja wetu analijua kosa moja ambalo hakuna mwingine analijua, na amelinyamazia kwa sababu limefanywa na watu wake. La kazini, la ukoo, la kanisani. Lako unalijua. Litaje kwanza kwao, uso kwa uso. Kisha kaa nao wanapolilipa.