Dakika na Siku Kumi na Tano Bila Vidonge

Ndugu, jamaa na marafiki, wengi wenu mlikuwa na kadi ya kuja nyumbani hapa Jumamosi ijayo kwa harusi, na badala yake mmekuja leo kwa msiba, kwa hiyo mtanivumilia sauti ikinikatika, mimi kaka wa marehemu niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mama muuguzi na baba mpiga chapa, akaanza shule ya msingi mtaa wa pili kutoka hapa mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1989, na Januari 1991 akaajiriwa kwenye duka la saa, ambako alijifunza kufungua saa ya mkono kwa bisibisi nyembamba kama sindano na kuifunga bila skrubu kubaki mezani. Ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, alijibu, "Dakika," hata kama ni wiki mbili, ndiyo maana mkamwita Dakika na jina lake mkalisahau.

Alifunga ndoa tarehe 6 Mei 1995 na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa binti mmoja tarehe 9 Februari 1997.

Juni 1999 alianza kusikia watu wakimsema ndani ya kuta za duka, akalazwa miezi mitatu, akatoka na vidonge alivyomeza kila jioni kwa miaka ishirini na mitano, navyo vikamrudishia kazi, mume na mtoto, hilo nalisema wazi ili asiwepo mtu wa kuvilaumu.

Mwaka 2019 mdomo wake ulianza kutafuna bila kitu kinywani, ulimi ukichungulia na kurudi, na wateja wapya wakawa wanamtazama mdomo badala ya mikono. Daktari alimweleza, naye akanieleza mimi, kwamba dawa ile hutuliza kwa kuziba milango ya ubongo inayopokea kemikali iitwayo dopamini, na kwamba kwa baadhi ya watu ubongo uliozibwa miaka mingi huenda ukaongeza milango, ukawa mwepesi kushtuka hata kwa dopamini kidogo, ndipo mdomo hucheza wenyewe, na dawa ikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. "Tutapunguza kidogo kidogo, kwa miezi," aliniambia, "daktari akiwa ananiangalia."

Nilimsikia, ila mimi nilikuwa nawaza picha za harusi ya binti yake. Tarehe 1 Agosti 2024, jikoni kwake, nilimwambia, "Mdogo wangu, umepona siku nyingi, hivi vidonge ndivyo vinakuchezesha mdomo, viache upendeze siku ya mwanao," akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akanipa pakiti, nikaitia mfukoni.

Siku sita alikuwa mchangamfu, nami nikajisifu, siku ya saba mdomo ukazidi badala ya kutulia, ya kumi hakupata usingizi, ya kumi na mbili akamwambia binti yake kwamba kuta zimeanza tena, binti akanipigia simu, nikamjibu kuwa ni wasiwasi wa harusi tu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 16 Agosti, alitoka bila viatu akiwakimbia watu ambao sisi hatukuwaona, akagongwa na lori mbele ya kituo cha mafuta, na saa nne na dakika kumi akafariki katika chumba cha dharura, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Wazee waliniomba niruke sehemu hii, binti yake akasema, "Mjomba, soma yote."

Tunamshukuru daktari wake, ambaye nilipomweleza alinishika bega, wauguzi wa dharura, wenye duka la saa waliofunga kazi siku tatu, na majirani mliomfunika kwa kanga zenu pale barabarani. Kama yupo kati yenu anayemeza dawa kama zile na amechoka nazo, namwomba amwambie daktari wake, asimsikilize mtu kama mimi.

Pumzika, mdogo wangu, pale pasipo na wa kukusema wala wa kukuharakisha, nasi utuache tuendelee kukuomba msamaha.