Mzee Twende na Nyumba ya Nne

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuuhangaikia mji huu wa mapumziko, kumi na minne kati ya hiyo akiwa Meya, bosi wetu anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Anayedhani atatulia kitini asikilize hotuba mpaka mwisho, basi hamjui.

Sisi tunamwita Mzee Twende. Alifika hapa ufukwe ukiwa matete na mbu watupu, akapima viwanja kwa kamba ya katani, akajenga nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Aliifungua chumba cha sita kikiwa hakina paa, akawaambia wageni kwamba huko ndiko kwenye hewa safi. Wakakigombea! Alipokuwa Meya alisimamisha nguzo za taa barabara nzima ya ufukweni kabla umeme haujafika. Mwaka mzima watu walizifungia kamba za kuanikia nguo, na tukachekwa kweli kweli. Mimi, katibu muhtasi wake, barua nyingi nimeziandika nikimfuata ngazini huku nahema.

Lakini kinyozi hajinyoi. Wageni aliwajengea mji mzima, familia yake ikaishi vyumba viwili nyuma ya jiko la ile nyumba ya wageni. Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama, alijengewa nyumba mara tatu. Ya kwanza Mzee aliipangisha rangi haijakauka, ya pili ikawa zahanati, ya tatu akamuuzia daktari wa meno aliyeipenda baraza yake. Kila mara Mama alikuwa ameshafunga masufuria kwenye maboksi. Mara ya tatu hakugomba wala hakununa. Aliyafungua kimya kimya, akapika, na Mzee akashindwa kula. Jamani, iliniuma! Wiki nzima sikumsemesha bosi zaidi ya salamu.

Nyumba ya nne imekamilika mwezi huu, inatazama bahari, na ofisi nzima tumekaa roho juu. Juzi tajiri mmoja wa hoteli alikuja kuiulizia. Mzee akainuka, akaizunguka meza, akachungulia dirishani, akawa anachezea funguo mfukoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kapu la chakula, kasikia yote. Mzee alitoka mbio, nasi tukajua yameisha, anakwenda kumfungulia mnunuzi.

Tulimkuta mbele ya nyumba, kopo la rangi nyekundu mkononi, shati limeharibika, anaandika ukutani kwa herufi zilizopinda: NYUMBA HII HAIUZWI WALA HAIPANGISHWI. Kisha akamkabidhi Mama funguo, pamoja na zile za akiba. Mama alicheka huku analia, nasi wote tukaingia kwenye mkumbo huo.

Mzee wetu, asante kwa mji, na asante kwa kututoa jasho. Jumatatu ukijisahau ukaja ofisini, tutampigia Mama simu. Heri na afya ziwakute humo ndani, nyote wawili, mmekaa.