Robert Gekara Omosa (1962–1999): Mtu Aliyeingia Ziwani na Suruali

Ndugu, majirani na marafiki, asanteni kwa kufika hapa Kaplong kumsindikiza Gekara. Wasifu huu umeandikwa na mimi, Jonah Mokaya, mwalimu mstaafu, ambaye ni baba mzazi wa mjane. Kwa kawaida kaka wa marehemu ndiye angesoma, lakini Nyamwange amekubali kuniachia nafasi yake, nami namshukuru. Tangu Alhamisi ya wiki iliyopita sijaweza kukaa kwenye kiti hata nikamaliza kikombe cha chai. Kuna jambo ndani ya karatasi hii ambalo watu wa nyumba hii hawajawahi kulisikia, pamoja na mke wangu. Karatasi ilichapishwa juzi kule Sotik, kwa hiyo hata nikitaka kurudi nyuma siwezi. Tuanze na kuzaliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962 katika shamba la chai nje ya mji wa Kericho, ambako wazazi wake walikuwa wachumaji. Alikuwa mtoto wa tatu. Mama yake, Mama Moraa, ambaye ameketi pale mbele, husimulia kwamba alikuwa kwenye foleni ya mizani, kikapu kikiwa mgongoni, uchungu ulipoanza. Karani alimwambia angoje majani yake yapimwe kwanza. Gekara hakungoja. Alizaliwa nyuma ya kibanda cha mizani, juu ya magunia, saa tisa na nusu alasiri, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyefaulu kumwambia angoje.

Alisoma shule ya msingi ya shamba kutoka 1969 hadi 1975, kisha sekondari kule Sotik hadi 1979. Nimezisoma ripoti zake zote, maana kusoma ripoti ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa miaka thelathini na moja. Kila mwalimu ameandika malalamiko yale yale kwa maneno yake: anasimama darasani bila ruhusa. Hisabati alikuwa mzuri. Alisomea ufundi wa mitambo mjini Kisumu miaka miwili, akapata cheti mwaka 1982.

Januari 1983 aliajiriwa kiwanda cha chai karibu na hapa, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi alipougua. Wenzake wanasema alikuwa akitembea katikati ya mashine huku ameinamisha kichwa, akisikiliza, na akisimama mnajua kuna kitu kitaharibika kabla ya Ijumaa. Kutoka nyumbani hadi kiwandani ni kilomita kumi na moja. Alikwenda kwa mbio na kurudi kwa mbio, na siku za mvua aliweka viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Majirani Wakipsigis, ambao wanaelewa mambo ya mbio, walimwona wa kawaida. Sisi wengine tulidhani anakimbiza kitu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alimwoa binti yangu, Phanice Nyanchama. Siku alipokuja na wazee wake kuongea nasi, alisimama mara tatu kabla chai haijamiminwa. Mara ya tatu alikuwa ameona kwamba meza yangu inayumba, akaingia chini yake na kuanza kukaza mguu, wazee wakiwa wameshika vikombe hewani. Nilimuuliza mke wangu, Bochaberi, jikoni kama huyu kijana ameketi juu ya siafu. Bochaberi akasema, "Afadhali huyu. Wewe hiyo meza imekushinda miaka sita." Meza hiyo haijayumba tena. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kebaso, Bochaberi mdogo na Omosa.

Sasa nifike kwenye michezo, kwa sababu najua wengi wenu mnamkumbuka kwa hayo, na wengine mnamkumbuka vibaya.

Mwaka 1991 alisoma gazetini habari za mashindano ya michezo mitatu kwa mfululizo: kuogelea, baiskeli, halafu mbio. Mbio alikuwa nazo. Baiskeli ya gia aliinunua kutoka kwa mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Kilichobaki kilikuwa maji, na Gekara hakuwahi kuingia maji yaliyopita magoti. Mwaka uliofuata, wakati wa ile fujo ya makabila tusiyopenda kuitaja, rafiki yake Kiplimo, ambaye ni Mkipsigis na alikuwa mtunza josho la ng'ombe, alimficha yeye na familia yake siku nne katika stoo ya josho. Josho lenyewe lilikuwa halitumiki kwa miaka mingi, limejaa maji ya mvua. Watu wengine wangekaa kimya wakiomba. Siku ya pili Gekara alichungulia dirishani akauliza, "Kiplimo, hii maji ni ya kina gani?"

"Ni ya kufunika dume," Kiplimo akamjibu. "Wewe uliponea mishale, sasa unataka kufa bure kwa shimo ya ng'ombe?"

Mambo yalipotulia walilisugua josho wiki mbili, wakalijaza maji ya mto, na humo ndimo alimojifunza kuogelea. Wenye kufuga wanalijua josho, ni refu na jembamba. Aliogelea amebana viwiko mbavuni. Alilipenda pia kwa sababu kuta zake ni ndefu na hakuna aliyeweza kumwona, na hapa ndipo wazee wataelewa. Sisi Wagusii tuna heshima yetu ya chinsoni. Mkwe na baba mkwe hawaonani nusu uchi, wala hawazungumzi mambo ya mwili, na njia yangu ya kwenda sokoni inapita karibu na josho.

Tarehe 11 Machi 1995, siku ya Jumamosi, alikwenda Kisumu kwa mashindano yake ya kwanza. Nyanchama alikuwa amenilalamikia kwamba mume wake haongei kitu kingine, nami nikaamua kwenda kuuona wazimu huo kwa macho yangu. Sikumwambia mtu. Nilivaa suti na kofia, nikachukua mwavuli. Naapa sikujua kwamba kuogelea ndiko kunakoanza, wala sikujua watu huvaa nini.

Nilifika ufukoni wakiwa wamejipanga. Gekara alikuwa na kaptura fupi tu. Aliniona, nami nikageuza uso haraka nikatazama mlima. Nilipogeuka tena, alikuwa ameuendea mfuko wake na kuvaa suruali ya kazi na shati la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Filimbi ikalia, akaingia ziwani hivyo.

Hapa naomba nijitaje mwenyewe, kwa sababu kusema habari za Gekara peke yake ni kujificha. Mimi nilifurahi. Nilisimama pale nikiwa na mwavuli wangu, nikajiambia kwamba binti yangu ameolewa na mtu mwenye adabu. Mtu ambaye hajawahi kuogelea hajui nguo inavyomvuta aliye majini. Baada ya kama mita mia nne mashua ilimfuata ikamtoa, na ufuko mzima ukacheka. Waamuzi walimkataza kuendelea. Alipanda baiskeli yake hivyo hivyo akiwa amelowa, akapanda milima yote mpaka Kericho, akashuka mpaka Kaplong, akafika kabla yangu.

Nilipomuuliza kwa nini alivaa suruali, alitazama chini akasema, "Tata," yaani baba, "maji ilikuwa baridi."

Kwamba nguo ndizo zilizomzamisha nilielewa baadaye sana, Kiplimo aliponieleza, na sikumwambia mtu. Habari ilikuwa imeshafika sokoni. Mlimpa jina la Jiwe. Ninasema "mlimpa" kwa sababu wengi mko hapa. Watoto wake waliitwa watoto wa Jiwe shuleni, na kiwandani walimuuliza kama amezama leo. Angeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja, kwamba baba mkwe wake alikuwa pale ufukoni. Hakuisema hata kwa mke wake. Mimi ningeweza kuisema pia, na kwa miaka karibu minne nilisalimiana nanyi njiani huku nimefunga mdomo. Naona aibu kwa hilo.

Mwaka jana yalitangazwa mashindano makubwa zaidi, ya tarehe 20 Februari 1999: kuogelea kilomita tatu, baiskeli kilomita mia moja na ishirini, kukimbia thelathini. Aliandikisha jina siku ileile. Akahama josho, akaanza kuogelea katika bwawa lililoko katikati ya chai, nyuma ya kiwanda, Jumapili asubuhi kabla ya ibada, Kiplimo akimwangalia kutoka ukingoni. Hakutulia hata kidogo miezi ile. Alikuwa akila amesimama. Ukimsalimia anakujibu akiwa ameshakupita. Alijua baiskeli ataiweza na mbio ataziweza, lakini maji hakuwa na hakika nayo, na kama angetolewa tena na mashua asingeweza kurudi Kaplong.

Alhamisi, tarehe 1 Oktoba 1998, Nyanchama alikuja nyumbani kwangu. Alisema Jumapili mume wake atajaribu kilomita zote tatu kwa mara ya kwanza, na Kiplimo amekwenda Chebunyo kununua ng'ombe.

"Tata, akizama hakuna mtu wa kuita," akasema. "Hata mimi amenikataza."

Nikamwambia, "Unajua mimi siwezi kwenda."

Akasema anajua.

Jumapili tarehe 4 Oktoba nilimwambia mke wangu kwamba tumbo linanisumbua, atangulie kanisani. Nilichukua kamba ya ng'ombe, nikapita njia ya wachumaji, nikajificha kwenye chai juu ya bwawa. Nilichuchumaa kama mwizi, mimi mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na tisa. Sijui ningefanya nini na ile kamba. Nadhani ningeirusha na kupiga kelele.

Nilimtazama. Ninalisema mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikijua ninachokisema. Nilimtazama mkwe wangu akiwa na kaptura, tangu alipoingia mpaka alipotoka. Kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni mita mia moja na hamsini, kwa hiyo kilomita tatu ni mara ishirini. Kila alipogusa ukingo nilichuma jani nikalitia mfukoni mwa koti, nisije nikapoteza hesabu. Alipofika mara ya kumi na mbili alisimama akishika tope, akikohoa, na mimi nikainuka nikiwa na kamba yangu. Alitema maji, akaendelea. Alifika ishirini kwa saa moja na dakika thelathini na nne kwa saa yangu, na muda ulioruhusiwa katika mashindano ulikuwa saa moja na dakika hamsini. Nilidhani atatoka. Akaongeza mbili. Halafu alitoka, akavaa, akachukua baiskeli bila hata kukaa chini, akaondoka.

Nililia pale kwenye chai. Mke wangu, ulipoyakuta majani ishirini na mawili kwenye koti langu la ibada ukaniuliza tangu lini nachuma chai ya kampuni, jibu ndilo hilo.

Katikati ya Novemba alianza kuchoka. Yeye wa kuchoka! Alitokwa na damu puani, akawa na alama za bluu miguuni. Hospitali ya misheni hapa Kaplong walimpima wakamtuma Nairobi, na Nairobi wakasema ni saratani ya damu. Najua maneno yanayosemwa sokoni kwamba ni dawa ya kupe iliyokuwa ndani ya josho. Nilimuuliza daktari mwenyewe akasema hapana, hivyo mliache. Walimrudisha Kaplong tarehe 22 Desemba. Kitandani aliendelea kusogeza miguu chini ya blanketi, na kila aliyeingia alimuuliza zimebaki siku ngapi kabla ya tarehe ishirini Februari.

Nilimtembelea Jumapili tarehe 3 Januari. Aliponiona alijitahidi kuvuta shuka afunike miguu, mkono ukashindwa. Nikatazama dirisha, kama tunavyotakiwa. Tukaongea habari za mvua. Kisha akauliza, "Tata, unafikiri ningemaliza ile ya maji?"

Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa na idadi na dakika. Lakini kumwambia ningekuwa nakiri kwamba nilimwona, naye angeona haya, nami ningeona haya, hapo kati ya kitanda na dirisha. Nikamwambia, "Mungu ndiye anajua."

Alifariki Alhamisi tarehe 7 Januari 1999, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, mke wake akiwa amemshika mkono.

Gekara, mwanangu, ulimaliza. Ulimaliza mara ishirini, ukaongeza mbili. Nilikuwa pale na nilihesabu. Ningekuambia siku ile, na sikukuambia kwa sababu ya heshima, na heshima hiyo uliilipia wewe peke yako mbele ya ufuko mzima. Nisamehe.

Ameacha mama yake, Mama Moraa. Mjane, Phanice Nyanchama. Watoto Kebaso, Bochaberi na Omosa. Kaka yake Nyamwange. Rafiki yake Kiplimo, ambaye kwetu ni ndugu. Na wakwe zake, Rebeccah Bochaberi na mimi. Hajaacha mtu yeyote anayeitwa mtoto wa Jiwe. Jina hilo limekwisha leo, na atakayelitumia tena anikute mimi kwanza.

Mungu amlaze mahali pema, na huko wamwache asimame akitaka.