Mteja Ambaye Hajafika: Tunamuaga Mama Inategemea

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwaambia wakulima kwamba hakuna ngano iliyo bora kuliko zote, mshauri mkuu wa mbegu wa kituo chetu amestaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe thelathini. Kwenye karatasi za ofisi ana jina na cheo. Kwenye benchi la wakulima, na kwa hiyo kila mahali, anaitwa Mama Inategemea.

Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila mwaka, wiki chache kabla ya kupanda ngano ya masika, wakulima huja na swali moja: mbegu ipi inazaa zaidi? Naye hujibu kwamba inategemea. Inategemea udongo wako, mvua yako huwahi au huchelewa, ngano yako huugua nini, mashine ya kuvunia hukufikia lini, na kama unamuuzia mwoka mikate au unalisha mifugo. Mkulima aliyefuata neno moja huondoka akiwa ameeleza shamba lake lote, na mara nyingi akiwa amejijibu. Mmoja alimlalamikia mkurugenzi kwamba amekuja kuuliza akaishia kuulizwa. Msimu uliofuata alirudi na shemeji zake.

Alifika kituoni siku ya kwanza na viatu vya mjini. Kitalu cha majaribio kilicho karibu na mfereji kilimeza kimoja, akamaliza siku akitembea kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Kiatu kilipatikana wakati wa mavuno, kimenasa kwenye mashine, na hadi leo kinaning'inia stoo kwenye msumari. Wageni tunawaambia ni kifaa cha kupimia unyevu. Wapo walioandika.

Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kuoka mkate kwa kila mbegu mpya kabla ya kuipitisha, na wa kutulazimisha wote kuutafuna mkavu, bila hata chai. Tuliipenda siku ya mkate na kuiogopa. Kuna mbegu moja ambayo mkurugenzi wa wakati huo aliipenda mno, kwa kuwa ilizaa kupita zote na ugonjwa wa kutu, ule unaoacha vumbi jekundu kwenye majani, haukuigusa. Mkate wake dereva wetu aliuweka nyuma ya tairi gari lilipoegeshwa mteremkoni, na gari halikusogea. Mama alifika pale garini. Aliuchukua, akaupangusa, akauweka juu ya meza ya mkurugenzi, akatoka. Mbegu haikupitishwa. Mkate ulizuia karatasi zisipeperuke mpaka mkurugenzi huyo alipohamishwa.

Wapo pia majirani wawili waliokuja siku moja, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akitaka ile mbegu iliyompendeza shambani kwa mwenzake. Aliwaambia wakutane kwenye uzio wazungumze, waache kutumalizia benchi.

Katika kazi yake alikuwa na kanuni mbili. Hamshauri mtu ambaye hajauliza, na hashauri shamba ambalo hajalikagua. Tuliomfuata tukiwa wageni wa kazi, na vyeti vyetu vikubwa na majibu yetu ya haraka, tulizichukulia kanuni hizo kama ukaidi wa umri. Mimi nilizielewa wiki iliyopita tu.

Lazima nieleze kuhusu gunia. Nyuma ya mlango wa ofisi yake, kila msimu, lilisimama gunia moja la mbegu bora. Wengi wetu tumelikalia; mimi nililikalia siku ya usaili wangu, kwa sababu viti vilikuwa vimeisha. Mbegu ndani yake ilibadilika kadiri majaribio yalivyobadilika, lakini sikuzote ilikuwa fupi na yenye bua nene. Ukimuuliza ni la nani, alijibu kwamba ni la mteja ambaye hajafika. Majira ya kupanda yakikaribia kwisha, alilitoa kwa mkulima yeyote aliyechelewa, na msimu uliofuata lingine lilisimama palepale.

Sasa, mumewe. Sote tunamwita Shemeji, naye ni mkulima wa ngano. Shamba lake liko kwenye kona ambapo kila anayekuja kituoni hulazimika kupunguza mwendo. Tangu enzi za baba yake linapandwa mbegu moja ndefu, yenye masuke mekundu, nao huiita Nyekundu. Juu mlimani haina shida. Bondeni, penye rutuba, hurefuka kuliko nguvu zake, na mvua ya mwisho ikipiga hulala kifudifudi. Ngano iliyolala mashine haiioni, nayo huanza kuota ikiwa bado kwenye suke.

Wakulima walilijua hilo vizuri. Kila msimu walikaa bencheni, wakasalimia, kisha mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Mama, tumepita kwako. Watoto wamelala." Mwingine akamalizia kwamba mganga hajigangi. Mama alitabasamu, akamuuliza udongo wake ukoje.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa amemgusia mumewe kwamba bonde lile linataka mbegu fupi. Shemeji alimjibu kwa upole kwamba ofisini yeye ni mtaalamu, lakini hapa amekuja kama mke. Hakugusia tena. Aliamua kungoja aulizwe. Shemeji naye, kama alivyotueleza mwenyewe, alikuwa anangoja aambiwe mara ya pili. Hivyo watu wawili wanaopendana wakangojana miaka yote hiyo, na bonde likawa linalala kila mwaka. Mwaka huu kungojana kulikuwa na mwisho, maana kuanzia sasa shamba hilo ndilo watakalolitegemea wote wawili.

Ijumaa, siku yake ya mwisho kwenye meza ya ushauri, Shemeji aliingia getini amevaa shati la kupokelea wageni. Mlinzi alimwambia apite tu ndani, mkewe yupo. Alikataa, akasema leo amekuja kama wengine, akakaa mwisho wa benchi na kofia magotini. Benchi, ambalo kwa kawaida hubishana habari za mvua, lilinyamaza kama darasa lililoingiliwa na mkaguzi.

Zamu yake ilipofika, Mama hakuinua hata nyusi. Alimkaribisha, akamuuliza udongo wake ukoje.

"Unaniuliza udongo, na kila wiki unaufua kwenye suruali zangu?"

"Huo wa suruali naujua. Wa shambani sijaambiwa."

Akaambiwa. Akauliza mvua, akauliza kutu, akauliza mashine na mnunuzi. Mwanzoni Shemeji alijibu akitazama ukuta, kisha akanogewa, akawa anachora mipaka ya shamba kwa kidole mezani. Mwishowe aliulizwa shida hasa ni nini.

"Inalala."

"Inalala wapi?"

"Bondeni. Juu inasimama vizuri," akaongeza haraka, kama mzazi anayemtetea kifungua mimba wake. Akashusha pumzi. "Sasa, mwenzangu, bondeni nipande ipi?"

Benchi zima likajibu kabla ya mtaalamu: "Inategemea."

Hata mkurugenzi, aliyekuwa mlangoni akijifanya anasoma tangazo, alicheka. Mama alingoja watulie. Kisha akamweleza mteja kwamba shamba hilo amelipita miaka mingi akipeleka chakula cha mchana, lakini kulikagua hajawahi kuombwa. Atafika Jumatatu asubuhi.

"Jumatatu si utakuwa umeshastaafu?"

"Ndiyo maana nina nafasi."

Tumeambiwa kwamba ukaguzi ulimaliza asubuhi nzima, kwa kuwa mwenye shamba alikuwa na maswali ya miaka mingi. Nyekundu itabaki juu, ambako mtaalamu alikiri hadharani kwamba haina mshindani. Bondeni itapandwa mbegu fupi. Shemeji aliuliza mbegu yenyewe ataipata wapi, na msimu umebana hivi. Mchana dereva wetu alitumwa ofisini kuchukua gunia nyuma ya mlango.

Mama, kituo kizima kinakushukuru. Umetufundisha kuuliza kabla ya kujibu, na kwa baadhi yetu hilo lilikuwa somo gumu kuliko mkate wa dereva. Gunia limemfikia mwenyewe, na wageni wa ofisi hiyo sasa hawana pa kukaa. Ishi vyema na mteja wako, bonde lenu lisimame, naye asiache kuuliza. Sisi, mvua ya mwisho ikipita, tutapunguza mwendo pale kwenye kona.