Malkia Aliyevunjikia Chupani

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara ya vichocheo, shangazi yangu anastaafu Ijumaa hii. Wenzake wameniomba niandike hotuba hii ya kumuaga, eti mimi ndiye pekee katika familia anayeijua kemia. Kemia yenyewe naisoma kwa Kiingereza na alama zangu zinatia huruma. Mbele ya watu huwa naongea na viatu vyangu. Nivumilieni.

Kazi yake, kwa ninavyoielewa: kuna kemikali ziitwazo alkeni, ambazo zikitiwa oksijeni hugeuka malighafi ya gundi na rangi. Oksijeni hiyo yeye huitoa kwenye haidrojeni peroksaidi, kwa sababu ikishamaliza kazi hubaki maji tu. Ila viwili hivyo havisalimiani bila metali ya kuvichochea, na ukimimina peroksaidi kwa pupa inatoa povu na kupotea bure. Nilipomtembelea, nilimimina kwa pupa. Shangazi alipangusa meza, akasema angalau dari imepona.

Sifa yake kubwa ni kichocheo cha metali ya manganizi alichokihangaikia kwa miaka, kilichovikwa molekuli ndefu ya kupendeza. Wenzake walikiita Malkia, wakatundika picha yake ukutani. Kisha shangazi akagundua kwamba Malkia akikutana na peroksaidi tu, anavunjika. Kazi yote ilikuwa ikifanywa na kipande chake kimoja kikishirikiana na manganizi: asidi ya bei chee iliyojaa tele kabatini mwao.

Angeweza kunyamaza. Wafadhili walikuwa wakimlipia Malkia, si asidi. Mkuu wake alimuuliza, “Dada, kweli unataka kujichongea?” Akamjibu, “Bosi, nimejenga ghorofa, kumbe wapangaji wanaishi kwenye kifusi. Ninyamaze ili na wengine wajenge?” Akasimama mbele ya wafadhili akaeleza yote, akijicheka mpaka nao wakacheka. Hata hivyo walikata nusu ya mradi, na yeye akahamishiwa meza ya kona. Ningekuwa mimi, ningejifungia chooni.

Leo mnachanganya asidi ile na chumvi ya manganizi asubuhi, na mchana mmeshapata mnachotaka. Ndiyo maana hakuna atakayeajiriwa kuchukua nafasi yake. Alinipa habari hiyo huku akichekelea, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Shangazi, wenzako wanakushukuru, na mimi pia, ingawa hapa nitakuwa naviambia viatu vyangu. Kazi uliyowaachia ni nyepesi kwa sababu ulikubali kuchekwa. Nenda kapumzike, na siku zako ziwe njema.