Mkunga Aliyesemwa Bungeni

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na ukuta wa ghala ambalo sijawahi kuliona limefunguliwa. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, na akiinuka wa pembeni bila kuaga, aliyebaki upande wa pili anakwenda chini, kwa hiyo tumezoea kuinuka kwa makubaliano. Kahawa anauza Redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu anayo redio na pia kwa sababu hazimiki. Mwenyekiti wa mazungumzo ni Spika, tarishi mstaafu, ambaye mkikorofishana hugonga kijiko kwenye birika mpaka mtulie. Breki ni fundi baiskeli, mdogo wetu, mkewe ana mimba ya kwanza na tumbo limeshashuka. Mimi wananiita Toba, kwa kuwa nikiteleza ulimi naomba radhi hapohapo, kwa Mungu kwanza, kisha kwa niliyemsema. Shule sikwenda mbali. Nitaandika kama nilivyosikia, na nikizidisha chumvi, Mungu anaona kuwa ni kidogo.

Asubuhi hiyo tulikuwa kimya kama watu waliofika msibani kabla ya wenye msiba. Redio alikuwa ameiweka redio yake juu ya jiwe, antena ameifunga waya wa baiskeli, kwa sababu Bungeni lilikuwa linajibiwa swali letu. Letu kabisa. Tulilitunga jioni nzima hapahapa, na Spika alimkabidhi Mheshimiwa mkononi siku alipokuja kuzika, hata kaburi halijafukiwa vizuri. Mungu atusamehe. Marehemu alikuwa mtu wa subira.

Swali lilisomwa: Je, Serikali ina mpango gani wa kupeleka mkunga kwenye zahanati yetu?

Naibu Waziri akakohoa kidogo, akajibu: "Zahanati hiyo ina mkunga mmoja mwenye sifa zote, na anaendelea kutoa huduma."

Breki akaweka kikombe chini.

Breki: Mkunga yupi?

Redio: Tulia, mdogo wangu. Linakuja swali la nyongeza. Hapo ndipo wanapobanwa.

Mheshimiwa wetu akasimama. Tulimjua kwa ile sauti yake ya kuombea kura. Akauliza kama Naibu Waziri yuko tayari kufuatana naye, wakamwone mkunga huyo kwa macho. Naibu Waziri akasema yuko tayari. Meza zikapigwa huko, mpaka redio ikatetemeka juu ya jiwe.

Redio: Umeona? Tumewabana.

Breki: Tumewabana wapi? Kasema yuko tayari. Lini?

Spika: Kijana, Bungeni hakuna lini. Kuna tayari.

Breki: Basi na mke wangu yuko tayari, mzee. Leo, kesho, hatuvuki wiki. Ndiyo maana nimekata tiketi, basi la saa nane, nampeleka kwa mama yake.

Mimi: Kwa barabara ile?

Breki: Nifanyeje, Kaka Toba? Najua. Barabara ile hata baiskeli isiyo na mtu inaangusha mnyororo. Usiku silali nikiwaza mashimo. Lakini heri mashimo kuliko mke wangu kujifungua mbele ya mlango wenye kufuli. Nimekwenda pale mara mbili, asubuhi kweupe. Mara mbili kufuli. Nimepiga hodi mpaka mbuzi wakaitikia.

Zahanati yenyewe iko nyuma ya ghala. Ukikaa kwenye benchi unaona paa tu. Si mbali, lakini njia yake haipiti mwanamume asiyeumwa, na sisi tulikuwa hatuumwi.

Redio: Sasa mkeo mwenyewe anasemaje?

Breki: Anasema mkunga yupo. Eti anampima kila akienda, anamshika tumbo, anamwambia mtoto kageuka vizuri.

Nakiri hapo palikuwa mahali pa kuinuka. Badala yake tukamwangalia mwenyekiti.

Spika: Ushahidi huo siupokei.

Breki: Kwa nini?

Spika: Shahidi ana maslahi. Mkeo anataka kwenda kwa mama yake?

Breki: Hataki. Anasema mama yake atamnyima usingizi kwa maneno.

Spika: Umeona? Asiyetaka safari husema hata jiwe ni mkunga. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Breki: Hiyo methali inaingiaje hapa?

Spika: Inaingia kwa sababu kuna mwana na kuna kulia. Tuendelee.

Akagonga birika. Redio akammiminia kila mtu, na hoja ikafunguliwa rasmi: mkunga huyo wa Serikali yuko wapi?

Spika: Mimi nimefanya kazi ofisini miaka mingi, nimebeba mafaili mpaka bega likalala upande. Huyo ni mkunga wa karatasi. Anapandishwa cheo, anakwenda likizo, anarudi, na hana miguu.

Redio: Hapana, mzee. Anayo miguu, tatizo anayo kwingi. Huyo ni mmoja anahesabiwa kwa zahanati tano. Hapa wanasema yuko hapa, kule wanasema yuko kule. Mwenyewe yuko njiani siku zote. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Breki: Sasa nyama hapo ni nani? Mke wangu?

Redio: Sikusema hivyo. Usinichukulie vibaya, shemeji yangu namheshimu.

Mimi: Labda ni makosa tu ya kibinadamu. Labda Naibu Waziri alisomewa jibu la zahanati nyingine.

Spika: Toba, wewe utamtetea hata shetani kwamba aliamka vibaya.

Nikaomba radhi, ingawa sikujua kosa langu.

Redio: Subirini. Nimepata. Yule mlinzi wa zahanati mmemtazama mikono? Laini. Mlinzi gani ana mikono laini vile? Usiku anavua koti la ulinzi, anafunga kitambaa kichwani, anazalisha. Watoto kwa kawaida wanakuja usiku, sivyo? Asubuhi anafunga kufuli, anarudi kwenye rungu lake.

Breki: Mlinzi yule ana ndevu.

Redio: Mwenye uchungu ana muda wa kutazama ndevu?

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka kahawa ikanipita puani. Spika hakucheka. Alikuwa anaipima hoja, na nilivyomjua, alikuwa anatafuta kubwa zaidi.

Spika: Nyote hamjaufikia ukweli. Mkunga hayupo leo, lakini siku Naibu Waziri atakapofika atakuwepo. Wataazima. Mbona viti vya harusi vinaazimwa? Atakuja na gari moja, na kitanda kwenye gari la pili, na mama mjamzito wa kuazima kwenye gari la tatu. Atajifungua mbele ya wageni, watapiga makofi, jioni wote wanarudishwa walikotoka.

Redio: Na mtoto?

Spika: Mtoto naye kaazimwa kwa saini. Anarudishwa pia.

Breki: Kwa hiyo mkunga yupo au hayupo?

Spika: Lisemwalo lipo. Mkunga kasemwa Bungeni, tena mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo yupo hata kama hayupo. Wewe tatizo lako, unataka kumkuta.

Breki akakirudisha kikombe kwa Redio kikiwa bado kimejaa. Kijana ana adabu, hajawahi kumjibu mtu mzima vibaya.

Breki: Naenda kumchukua mke wangu. Basi halitangoji hoja hii iishe.

Akainuka bila kuaga, naye alikuwa amekaa pembeni. Benchi likafanya kazi yake. Tulipokuwa tunamwokota Spika na kijiko chake, tukasikia mtu anatusalimu.

"Shikamooni, baba zangu."

Alikuwa dada wa makamo, amefunga khanga kiunoni juu ya gauni jeupe, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, ana ndoo tupu kila mkono. Pumzi zilikuwa juu. Tukaitikia.

Spika: Karibu, binti. Kahawa ipo, kiti ndicho hiki, tunakisimamisha.

Dada: Sikuja kwa kahawa. Hiyo sufuria iliyoko jikoni, ni maji?

Redio: Maji. Ya birika la pili.

Dada: Yamechemka?

Redio: Yanataka kuchemka. Kwani kuna nini?

Dada: Nayaomba yote. Na anayeitwa Breki ni nani kati yenu? Nimeambiwa nitamkuta hapa, shati lina mafuta ya mnyororo.

Breki alikuwa ameshapiga hatua kadhaa. Akageuka taratibu.

Breki: Ni mimi.

Dada: Mkeo yuko kwangu. Uchungu umemshika.

Breki: Kwako wapi? Nimemwacha nyumbani anafunga begi.

Dada: Amekuja na begi hilohilo. Mara ulipotoka wewe, naye akatoka. Mimi ndiye mkunga wa hapo nyuma.

Kwenye redio walikuwa wamefika kwenye swali la madaraja. Redio mwenyewe akanyoosha mkono akaizima, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Spika: Mkunga yule? Aliyesemwa Bungeni?

Dada: Bungeni sijui. Mimi nipo hapo nyuma ya ghala.

Breki: Dada yangu, nimekuja mara mbili. Mara mbili nimekuta kufuli.

Dada: Asubuhi?

Breki: Asubuhi.

Dada: Asubuhi nakuwa kisimani. Bomba la zahanati lilikauka zamani, na mimi niko peke yangu, yule mlinzi anaingia jioni. Nikienda kuchota nafunga, siwezi kuacha dawa wazi. Narudi na ndoo mbili, nafungua. Zikiisha, nafunga tena. Kina mama wanajua, wanakaa kivulini wananingoja. Leo sijaenda, maana mkeo hakunipa nafasi.

Breki hakungoja zaidi. Aliishika ile sufuria kwa masikio yake, bila kitambaa. Redio akamrushia kofia yake aishikie. Kijana akaondoka nusu anakimbia, nusu anaogopa kumwaga, na vile alivyokwenda, magoti yamekunjwa na shingo imekakamaa, siku nyingine yoyote tungemcheka mpaka mwezi unaofuata.

Dada alianza kumfuata, Spika akamzuia kwa heshima.

Spika: Samahani, mwanangu. Ujue tu kwamba jambo lako liko ngazi za juu. Tumeuliza Serikali, na Naibu Waziri amekubali kuja kukuona.

Dada: Kuniona mimi?

Spika: Kwa macho.

Dada: Kwa hiyo mlipata nafasi ya kuuliza Serikali swali, na likafika?

Redio: Likafika. Tumelisikia hapa sasa hivi.

Dada: Sasa baba zangu, mbona mliniulizia mimi, hamkuulizia maji?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Spika akakiinua kijiko, akakishikilia hewani, akakirudisha kwenye sahani polepole kisitoe mlio. Redio akachungulia ndani ya birika kana kwamba jibu liliachwa humo, na humo hamkuwa na jibu wala kahawa. Mimi nilikuwa na kiatu cha mteja mapajani, nikakigeuza soli, nikakigeuza tena. Jioni ile ya kutunga swali tulikuwa watu wazima wanne, na hakuna hata mmoja aliyefika mlangoni, kusubiri, na kumuuliza mwenye nyumba anataka nini. Serikali ilijibu ilichoulizwa. Mungu anajua niliona aibu ya mtoto mdogo.

Dada akazisukuma ndoo zake mbili mbele yetu.

Dada: Basi. Maji ya sufuria moja hayatoshi. Mimi narudi kwa mgonjwa wangu.

Tukainuka wote watatu, kwa makubaliano.

Kisimani tulipokelewa kwa vicheko. Kina mama wakatupisha foleni, wakasema wanataka kuona wazee wa kona wanavyovuta kamba. Spika alivuta ndoo ya kwanza ikapanda na maji ya kunawia uso tu. Redio alijimwagia yake kifuani, akasema amefanya kusudi kwa ajili ya joto. Kufika zahanati nilikuwa nimeomba toba kwa mambo ambayo sikuyatenda, na mikono ilikuwa inaniuma kama ya mtu aliyepiga zege. Tukaziweka mlangoni, tukapewa tupu nyingine, tukarudi.

Mara ya tano tulipofika na ndoo, jua limeshafika utosini, tulimkuta Breki amesimama nje, ameegemea ukuta, kofia ya Redio ameikamata kwa mikono miwili.

Breki: Wa kike.

Mimi: Na mama?

Breki: Mzima. Anauliza nani alisema hana mkunga.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikamshika mkono, naye akanishika kwa nguvu. Tiketi za basi zilikuwa bado zinachungulia mfukoni mwa shati lake, na hakuna aliyemkumbusha. Kisha dada akatoa kichwa dirishani akasema shuka za kufua ziko tele na maji bado. Breki akachukua ndoo ya kwanza yeye mwenyewe, tukaingia njiani wote wanne.

Tulipokuwa tunarudi, tumejaza, Spika akasimama katikati ya njia. Ndoo ilikuwa kichwani, na kidole kimoja kilikuwa kimeshaanza kupanda juu.

Spika: Nimelipata. Swali jipya. "Je, ni lini Serikali..."

Maji yakamteremka shingoni mpaka mgongoni.

Breki: Mzee, beba kwanza. Swali halimwagiki.